Wimbo Uliokatikia Mlangoni

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa zuri tu, la bibi mzaa baba, lakini hakuna aliyelitumia. Nyumbani walimwita Kidole, na jina hilo alilichuma mwenyewe mbele ya redio. Baba yao alikuwa na redio kaseti kubwa kama sanduku la nguo. Mchana wa Jumamosi, kipindi cha nyimbo kilipoanza, mtoto huyu alipiga magoti mbele yake kidole kikiwa juu ya kitufe cha kurekodi, ametulia kama paka aliyeona mjusi. Kazi ilikuwa kumvizia mtangazaji. Mtangazaji wa siku zile alipenda maneno: magitaa yameshaanza, yeye bado anasalimia watu, anasifia hali ya hewa, anamuaga mtu aliyekwisha kuagwa. Ukibonyeza mapema umenasa porojo lake, ukichelewa umekosa mwanzo wa wimbo. Kidole hakuchelewa hata siku moja.

"Chanda chema huvikwa pete," mama yao alikuwa akisema akipita na ndoo, "hicho chako kitavikwa redio."

Pete alivikwa baadaye, akazaa binti mmoja, akafiwa na mume, akafungua duka la dobi kwenye chumba kirefu chenye dirisha upande wa barabara. Humo ndimo alimokuwa akishinda: meza ya kunyooshea iliyovikwa blanketi na shuka jeupe, pasi ya mvuke inayokoroma kama mzee usingizini, na mashati ya watu yamening'inia kwenye bomba la chuma toka ukuta hadi ukuta, kila moja na kikaratasi cha namba kwenye kola. Binti yake alipokea wateja na kukunja, yeye alinyoosha. Redio ya duka haikuzimwa. Watu walisema mashati ya Kidole yanarudi yamenyooka na yameshajua nyimbo.

Siku moja kaka yake alimpigia simu. Huyu ndiye mzaliwa wa kwanza wao, karani mstaafu wa posta, na wote walimwita Mkubwa.

"Nasafisha stoo," alisema. "Kuna boksi lako hapa, lina takataka za plastiki. Unakuja kulichukua, au niwape wajukuu wajengee nyumba?"

"Plastiki gani?"

"Kanda. Kanda zako zile."

Kidole aliweka pasi chini. Tangu mama yao alipofariki na nyumba ikagawanywa, aliamini zile kanda zilikwenda jalalani. "Mkubwa," alisema, "usiziguse. Mtoto akizigusa nitakuja kulala kwako mwezi mzima."

"Basi njoo haraka," kaka yake akasema, na kwa sauti ilionekana anatabasamu.

Alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo wateja hawakuwahi kuliona, akarudi na boksi kifuani kama anayetoka hospitali na mtoto mchanga. Kanda zilikuwa zimejaa vumbi, nyingine utepe wake umetoka nje kama utumbo, lakini mwandiko kwenye vibandiko ulikuwa wake, wa herufi za mviringo za msichana aliyeringia kalamu yake ya kijani: "Nzuri Tupu", "Nzuri Zaidi", "Usifute! Atakayefuta Atajuta". Alikaa chini sakafuni, akachukua kalamu ya bairo, akaitumbukiza kwenye tundu la kanda na kuanza kuizungusha taratibu kurudisha utepe ndani. Binti yake alimtazama kwa mshangao.

"Mama, hiyo kalamu inafanya nini?"

"Inafanya kazi ya umeme. Niletee nyingine, tusaidiane."

Redio ya kuzipigia ndiyo iliyokosekana. Fundi redio wa mtaani, mzee mwenye karakana iliyojaa nyaya mpaka mlangoni, alicheka aliposikia ombi, kisha akapanda kwenye kiti na kushusha redio kaseti moja toka juu ya kabati. Alibadilisha mkanda wa mpira uliokuwa umelegea, akafuta kichwa cha kusomea kanda kwa pamba na spiriti, akasema, "Nenda nayo, mama. Hapa inanikalia nafasi tu. Ila ikianza kutafuna kanda, chomoa upesi."

Wakarudi dukani nusu wakikimbia. Kanda ya kwanza ikalia. Loo! Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha la nyumba iliyofungwa miaka. Tarumbeta, kicheko cha mtangazaji kilichokatwa katikati, kishindo cha sufuria toka jikoni kwao, na sauti ya mdogo wake akililia zamu ya kuchagua stesheni. Kidole aliimba kila neno. Aliimba hata makosa: pale ambapo betri zilikuwa zimechoka na wimbo ukapwaya, naye alipwaya nao. Mteja aliyefuata suruali yake alisahau alichofuata akabaki ameegemea mlango akitikisa kichwa.

"Sasa subiri," Kidole alimwambia binti yake, akachomoa kanda na kuweka ile ya "Usifute!". "Subiri usikie huu wa mwisho upande wa pili."

Ulikuwa wimbo wa polepole, magitaa mawili na ngoma moja inayonong'ona. Mwimbaji, mwenye sauti ya mtu aliyetoka kulia sasa hivi, alisimulia kisa chake. Amegombana na mkewe, mke amefunga virago karudi kwao. Nyumba imekuwa pango. Anakula mkate mkavu, anazungumza na kiti. Asubuhi moja anajikaza, anavaa viatu, anafunga safari ya miguu kwenda kwa wakwe. Anavuka daraja, kiatu kinafumuka, anaendelea na kimoja mkononi. Anafika. Anasafisha koo. Anagonga mlango. Magitaa yananyamaza. Ndani ya nyumba, sauti ya mwanamke inauliza:

"Nani?"

Tak! Kitufe kikaruka. Kanda ilikuwa imefika mwisho wake.

Binti yake aliingoja redio iendelee. Haikuendelea. "Eh. Kisha?"

"Kisha hakuna."

"Hakuna vipi? Alifunguliwa?"

"Mwanangu, hilo ndilo swali. Kanda iliisha hapo. Nikasubiri wimbo urudiwe Jumamosi ya pili, na ya tatu, na mwaka mzima. Haukurudiwa. Na jina lake sikulipata, maana mtangazaji alilitaja kabla sijabonyeza, na mimi nilikuwa nangoja tu anyamaze."

Nyumbani kwao "Nani?" ile iligeuka mchezo wa ukoo. Mtu akigonga mlango, wote waliitikia kwa pamoja kwa sauti ile ile ya wimbo, na mgeni akabaki nje akisikia vicheko. Na ubishi haukuisha. Mkubwa, mwenye moyo laini, alishikilia kwamba mke alifungua na wote wawili wakalia. Mdogo wao wa mwisho, Kitindamimba, ambaye sasa ni muuguzi na hana muda wa machozi ya watu, alisema mlango haukufunguliwa ng'o. Mama yao alisema mwanamume anayekwenda ukweni mikono mitupu na kiatu kimoja hana haki ya kulalamika. Kidole yeye aliamini mke alifungua, ila baada ya kumkausha juani mpaka jioni.

Binti yake hakuweza kuvumilia. Alikuwa wa kizazi ambacho kila kitu kina mwisho wake kwenye simu. Alitafuta kwa maneno ya wimbo, akatafuta kwa kuimba kwenye simu, akamtumia kila mtu aliyemjua. Hakupata hata harufu. Siku ya pili alirusha simu kwenye rundo la mashuka. "Haiwezekani! Mama, nitazeeka sijajua!"

"Karibu kwenye ukoo," Kidole akamwambia.

Lakini Jumamosi ilipofika, na kipindi cha nyimbo za zamani kikaanza kwenye redio ya duka, binti alishika simu mbili, moja kila mkono, akaanza kupiga. Kilikuwa kipindi cha wasikilizaji kuchagua, na mtangazaji alikuwa mwanadada mchangamfu. Laini zilikuwa zimejaa. Binti akapiga, akakata, akapiga. Kidole alikuwa akinyoosha shati jeupe la bwana harusi, moyo nusu kwenye kola, nusu kwenye simu.

"Mama! Mama, tumeingia! Shika!"

"Nishike nini? Nitasema nini?"

"Haloo, uko hewani," ikasema simu, na redio ya duka nayo ikasema hivyo hivyo, ikaanza kupiga kelele kama filimbi. Binti aliikimbilia redio kuipunguza, kisha akarudi mbio kuinyakua pasi, maana mama yake alikuwa ameisahau kifuani mwa bwana harusi. Shati lilipona kwa unywele.

Kidole alisalimia, akaeleza. Mwanzoni sauti ilikuwa nyembamba, lakini alipofika kwenye kiatu kilichofumuka alikuwa ameshasahau kwamba nchi nzima inamsikiliza.

"Tuimbie basi kidogo, mama," mtangazaji akasema.

Naye akaimba. Aliimba ubeti mzima wa safari, macho yamefumbwa, mkono umeshika ukingo wa meza. Nje, muuza matunda na wapita njia walianza kukusanyika dirishani. Alipofika kwenye "Nani?" akanyamaza, na ule umati wa dirishani ukanyamaza naye.

"Uwii!" mtangazaji akalia. "Wasikilizaji, msiniache hivi! Anayejua mwisho wa wimbo huu apige sasa hivi. Mama, usikate simu."

Wa kwanza kupiga alisema anaujua, akaimba wimbo mwingine kabisa. Wa pili hakujua chochote, alitaka tu kumsalimia shemeji yake. Wa tatu alikuwa na sauti nzito, ya mtu anayezungumza katikati ya vyuma.

"Mimi ni fundi mageti," alisema. "Huyo mama anaimba vizuri, lakini amekosea. Huo si wimbo wa huzuni. Huo ni wimbo wa harusi."

"Harusi!" Kidole akang'aka. "Baba, samahani, mtu anatembea na kiatu mkononi, unaniambia harusi?"

"Kiatu gani? Hakuna kiatu. Mimi kanda yangu ninayo. Inaanza na mwanamke anauliza 'Nani?', halafu mambo yanachemka mpaka mwisho. Tumeucheza harusini kwangu mpaka vumbi likatimka."

Kidole alimtazama binti yake, binti akamtazama mama.

"Inaanza na nini?" mtangazaji akauliza polepole.

"Na 'Nani?'. Nilikuwa kijana, nafanya kazi karakana ya watu. Nikausikia wimbo kwenye redio ya tajiri, nikatoka mbio kwenda chumbani kwangu kubonyeza. Nilifika nimechelewa, nikanasa toka hapo. Mwanzo wake sijawahi kuusikia vizuri mpaka leo."

"Wasikilizaji!" mtangazaji alikuwa akipiga makofi. "Huyu ana kichwa, huyu ana mkia! Haya fundi, tuambie, baada ya 'Nani?' anajibu..."

Pa-pa-paam! Muziki wa taarifa ya habari ukaingia na kufagia kila kitu.

Umati wa dirishani uliguna kwa pamoja kama timu imekosa penalti. Muuza matunda alirusha kofia chini. Lakini simu haikukatika. Mtangazaji, nje ya hewa, akiwa anahema kama aliyekimbia, alimpa kila mmoja namba ya mwenzake, akawaapisha wamletee wimbo mzima.

Fundi mageti alipiga hapo hapo. "Mama, nikuambie?"

"Usiniambie!" Kidole alipiga kelele, akaziba sikio kana kwamba hilo lingemsaidia na sikio lingine lenye simu. "Nimengoja tangu usichana. Sitaki kuambiwa, nataka kusikia. Lete kanda. Na uje na mkeo."

Jumapili mchana duka la dobi halikupokea nguo. Mashati yalisogezwa upande mmoja, shuka jipya likatandikwa juu ya meza ya kunyooshea, redio kaseti ikawekwa katikati kama mgeni rasmi. Mkubwa alikuja amevaa koti. Kitindamimba alikuja moja kwa moja toka zamu, na sare zake za hospitali, akisema amekuja tu kuwaona wakiaibika. Walikubaliana: atakayekosea ataosha vyombo vya wote.

Fundi mageti alikuwa mtu wa miraba minne, mikono ina makovu ya cheche, na kanda yake ameifunga ndani ya taulo. Mkewe, mama mfupi mwenye macho ya kucheka, alimtangulia kuingia.

"Shikamooni," alisema. "Huyu bwana tangu jana hajala. Amekuwa kama anakwenda kuoa tena."

"Marahaba, karibuni, kaeni," wakaitikia, na watu wakakaa juu ya marundo ya mashuka kwa kukosa viti.

Wakapiga kanda ya Kidole kwanza. Fundi mageti aliinama mbele, viwiko juu ya magoti. Alipomsikia yule mwanamume akizungumza na kiti, alipangusa mdomo. Daraja, kiatu, mlango. "Nani?" Tak!

"Kumbe!" alisema. "Kumbe bwana huyu ana shida!"

"Weka ya kwako!" Kitindamimba akamfokea, amesahau kabisa kwamba ni mgeni. "Weka, shemeji, utatuua!"

Kanda ikabadilishwa. Mkwaruzo, mkwaruzo, kisha: "Nani?"

"Ni mimi," mwimbaji akajibu.

"Mimi ndiye nani? Kila mtu ni mimi."

Hapo Kidole alishika mkono wa kaka yake, maana kwa mara ya kwanza alitambua kwamba sauti ile ya ndani haikuwa ya mke. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima. Ilikuwa ya mama mkwe.

"Ni mimi mkweo, nimekuja kumwomba radhi."

"Mke wako hayupo, mwanangu. Ametoka alfajiri. Amepita njia ya juu, amerudi kwako. Geuka!"

"Mama nimechoka..."

"Geuka, mwanangu, geuka! Atakuta mlango umefungwa!"

Na magitaa, yale yale yaliyokuwa yakinong'ona, yakaruka kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Ngoma ikaongezeka, tarumbeta zikaingia, waimbaji wote wakadaka: geuka, geuka, geuka! Mtu yule alikuwa anakimbia kurudi nyumbani, na bendi nzima inamkimbiza.

Kisha Mkubwa, karani mstaafu, mtu wa koti, akasimama na kugeuka. Fundi mageti na mkewe walikuwa wameshaanza, wakizunguka kwa pamoja bila kutazamana, kama walivyozoea, na mashati yaliyoning'inia yakapeperushwa nao. Kitindamimba alicheka mpaka akakaa chini. Kidole alicheza huku analia na kupiga vigelegele, vyote kwa mpigo, na binti yake akamshika kiuno akizunguka naye, akilia kwa sauti, "Walipishana njiani! Mama, walipishana!"

Wimbo ulipokwisha wakaurudia, na wakaurudia tena, mpaka watu wa nje nao wakawa wanageuka barabarani.

"Sisi tulidhani 'geuka' ni mtindo wa kucheza," fundi mageti alisema akihema. "Harusi nzima tuligeuka. Kumbe tulikuwa tunacheza ugomvi wa watu!"

"Si wa watu tu," mkewe akasema. "Umesahau mwaka ule niliporudi kwetu?"

Fundi mageti akainamisha kichwa, akitabasamu kwa aibu. "Nilikuja kukufuata."

"Ulikuja, ndiyo. Lakini hukugonga wala hukuomba radhi. Ulisimama barabarani ukapiga honi mpaka baba akakutolea mbwa."

Watu waliangua kicheko, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa amekosea, vyombo vilioshwa na wote, wamebanana kwenye sinki moja la kufulia, fundi mageti akisuuza vikombe kwa uangalifu kama anayeshika mayai.

Siku zilizofuata, fundi redio aliziunganisha nusu mbili kwenye kanda moja, na kukawa na kichekesho kingine. Redio ya fundi mageti ilikuwa na betri chovu siku ile ya kurekodi, na kanda iliyonaswa polepole hulia kwa sauti nyembamba, kwa hiyo mwimbaji anatembea na kugonga mlango akiwa na sauti nene ya mzee, lakini akiambiwa mkewe amerudi nyumbani anaitikia kwa sauti nyembamba ya kijana. Fundi redio alitaka kurekebisha. Kidole akamkataza. Alisema mtu akipata habari kama ile lazima sauti ibadilike.

Jumamosi mtangazaji aliupiga mzima, toka mwanzo hadi mwisho, na hakuongea juu yake hata neno moja. Simu zikamiminika. Wengine walisema waliwahi kuusikia kwa jirani, mmoja alisema mjomba wake aliwahi kuupigia ngoma, lakini alipoulizwa jina la wimbo akasema mjomba mwenyewe amesahau. Katikati ya simu hizo ikasikika moja ya sauti nzito, yenye kelele za vyuma nyuma yake. Fundi mageti hakuwa na la kuchagua wala la kuuliza. Alitaka tu kutangaza kwamba mkewe yuko hapo karakanani, katikati ya mageti yasiyopakwa rangi, na kwamba ameshazunguka mpaka kilemba kimeanguka, na mafundi wote wamesimamisha kazi.

"Mwambie aendelee!" Kidole alipiga kelele kwenye redio ya duka, akijua vizuri kwamba haisikii, na akaendelea kunyoosha suruali ya mtu huku mabega yakicheza.